Redio kwa Magunia ya Mpunga

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Ifakara hakuna aliyelalamika. Kompyuta za nchi nzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na ile ya kwanza kabisa, iliyoingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, hakuna mtu wa bonde letu la Kilombero aliyewahi kuiona. Televisheni nayo ilikuwa habari ya Zanzibar, ambako ndio kwanza walikuwa wanawasha ya rangi. Wizara ilikuwa imeonja joto ya jiwe: mtambo ulikula fedha za kigeni, wataalamu wake wakawa wageni, na hesabu za Serikali zikavurugika badala ya kunyooka. Basi mlango ukafungwa.

Mjomba wangu, fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Ifakara na ndiye aliyenifundisha kazi, aliichukulia amri ile kama habari yake mwenyewe. Hakuwa amegusa kompyuta. Ila alijua kwamba transista za kompyuta na transista za redio zinapita bandari ileile na zinanunuliwa kwa dola zilezile, na dola zikipungua, hakuna atakayeuliza kipi ni cha mkubwa na kipi ni cha mkulima.

Redio ndiyo iliyokuwa mashine ya kwanza yenye transista kuingia nyumba ya mtu wa Kilombero, na kwa wengi ilibaki ya pekee kwa miaka mingi. Mwaka mmoja kabla ya marufuku ile, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imekusanya watu karibu milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, wachimbe vyoo na kufukia madimbwi. Kwa bonde la mafuriko na malaria kama letu, kampeni ile haikuwa porojo. Lakini kikundi kizima kilikuwa na redio moja, na ikiharibika, somo la wiki limekufa. Mjomba alikuwa akiletewa redio za vikundi usiku, na mwenyekiti mwenyewe amesimama mlangoni anasubiri.

Bei ya redio haikutajwa kwa shilingi tu, ilitajwa kwa magunia. Mtu akisema nimenunua redio, aliyekuwa pembeni aliuliza: kwa mpunga kiasi gani? Mpunga ulinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei iliyopangwa Dar es Salaam. Redio nayo bei yake ilipangwa Dar es Salaam, na Tume ya Bei. Mkulima alikaa katikati ya bei mbili ambazo hakuna hata moja aliyoulizwa. Ushuru wa forodha ulijificha ndani ya ile ya pili. Haukuandikwa popote kwenye duka la ushirika, na muuza duka mwenyewe hakuujua.

Sisi mafundi tuliuona kwa njia nyingine, kwa kufungua mgongo wa redio. Matsushita walikuwa wameanzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, wakitengeneza betri na redio za National. Arusha walikuwapo Philips. Wazee mpaka leo wanazikumbuka zile redio mbao, na kusema kweli sauti yake haijapata mfano kwenye plastiki. Ukifungua ndani, transista zenye namba zinazoanza na 2SA na 2SB zilikuwa za Japani, zenye AC na AF za Ulaya. Kasha lilikuwa la hapa, skrubu zilikazwa hapa na lehemu ilichomwa hapa. Kinachopokea mawimbi na kuyakuza kilikuja kwa meli.

Mpango huo ulikuwa wa makusudi, na si wa Tanzania peke yake. Nchi nyingi changa zilifanya hivyo. Redio iliyokamilika unaitoza ushuru mkubwa, vipande vyake unavitoza kidogo, ili mwenye kampuni aone faida kuleta vipande na kuvifunga ndani ya nchi. Watu wakapata ajira, mafundi wakapata shule. Mjomba alijifunza mengi kwa kijana mmoja aliyetoka kwenye kazi ya kufunga redio mjini. Mimi sidharau hilo. Ila walioahidi kwamba leo tunafunga redio na kesho tutatengeneza transista walikuwa wanajidanganya. Transista inataka silikoni iliyosafishwa kupita kiasi, gesi, maji safi kuliko ya dripu, na umeme usiokatika hata nusu sekunde. Ushuru hauleti kimoja kati ya hivyo.

Na umeme wenyewe! Bwawa la Kidatu lilianza kufua umeme mwaka 1975, kwenye mto wa Ruaha Mkuu, mlangoni kabisa mwa bonde letu. Nyaya nene zikaelekea Morogoro na Dar es Salaam. Huku kwetu tukaendelea kuanika betri juani, juu ya bati au kwenye jiwe, zipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari ya jioni. Kwa mwaka mzima betri zilimgharimu mtu pesa nyingi, wakati mwingine kuliko matengenezo yote ya redio, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kiwanda cha Dar es Salaam kilitusaidia kweli. Betri inachakaa, inatupwa, inanunuliwa tena. Kiwanda cha nchi maskini kinaweza kuishi kwa kitu cha namna hiyo.

Na ilikuwapo reli. Ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na China, ulianza mwaka 1970, na bonde la Kilombero lilijaa kambi: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita, Mlimba. Mang'ula Wachina walijenga karakana kubwa ya vyuma. Watu wengi wanakumbuka mkopo usio na riba, lakini wachache wanakumbuka jinsi gharama za ndani zilivyolipwa. China ilituma bidhaa za madukani kwa mkopo, mashirika yetu ya umma yakaziuza, na shilingi zilizopatikana zikalipa vibarua. Kwa hiyo kijana aliyebeba kokoto Mlimba alilipwa kwa pesa iliyotokana na bidhaa za Kichina, na Jumamosi akaenda kununua bidhaa za Kichina. Mchumi atauita mpango mzuri. Mjomba alisema Wachina wamejenga reli na duka kwa mpigo mmoja, na alikuwa anawasifu, si kuwasema.

Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, mchele ulipata njia ya kwenda Dar es Salaam hata masika, barabara inapogeuka tope. Redio nazo zilipata njia ya kuja. Lakini hazikuja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, mafuta yakapanda bei, na fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vingi nchini vikawa vinafanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Kiwanda cha kufunga vipande kisipopata vipande ni ghala tu lenye walinzi.

Miaka hiyo ndiyo niliyojifunzia kazi, na naitaja kwa sababu watu wa leo wanadhani ushuru wa asilimia 100 ndio mkubwa kuliko wote. Mkubwa kuliko wote ni ule wa kunyimwa leseni ya kuagiza. Hapo hakuna bei ya kulalamikia, kwa kuwa bidhaa yenyewe haipo dukani. Bei ikahamia kwa walanguzi. Sisi tukawa tunachinja: redio tatu mbovu zinatoa moja nzima, transista inachomolewa kwa uangalifu kama jino la mtoto na kupangwa kwenye kopo la maziwa. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu waliokuwa na vitu visivyo na risiti walivitupa au kuvifukia. Kuna redio zilizokuja kwetu baadaye zikiwa na udongo ndani ya spika. Hatukuuliza zimetoka wapi.

Juni 1984 Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, alisoma bajeti iliyolegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, na hataulizwa alizipataje. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mlango ukapanuka. Redio kaseti zikaanza kushuka kwenye treni Ifakara, na ndani yake nikakuta kitu kipya. Mahali palipokuwa na transista nyingi zimesimama kama kijiji palikuwa na kijidude kimoja cheusi chenye miguu pande mbili. Aisii, saketi nzima ndani ya chipu moja. Jack Kilby alikuwa ameonyesha ya kwanza mwaka 1958 Marekani. Kwangu mimi ilifika karibu miaka thelathini baadaye, imekaa kwenye redio ya Kijapani yenye vumbi la Mlimba.

Aisii ilishusha bei ya redio kuliko waziri yeyote wa fedha. Hilo ndilo ninalotaka vijana walielewe wanapobishana kuhusu kodi. Kitu kilichohitaji saa nyingi za lehemu sasa kinakazwa kwa dakika, na kiwanda cha kufunga vipande kinapoteza sababu yake ya kuwepo, kwa sababu kazi ya kufunga imekwisha ndani ya chipu kabla haijapanda meli.

Wakubwa walikuwa wanagombania chipu hizohizo kwa ushuru. Mwaka 1986 Marekani na Japani zilitiliana mkataba wa chipu. Mwaka uliofuata Rais Reagan, akidai Japani haiuheshimu, akaweka ushuru wa asilimia 100 kwenye bidhaa za Kijapani za dola milioni 300, televisheni na kompyuta zikiwemo. Chipu za kumbukumbu zikaadimika na kupanda bei, na waliolia ni watengenezaji wa kompyuta wa Marekani wenyewe. Wakorea waliokuwa wanachungulia mlangoni wakaingia. Sisi hatukuambiwa, na kaseti zetu hazikuhitaji chipu za kumbukumbu.

Miaka ya tisini naipita haraka: televisheni ya ITV na wenzake wakaanza mwaka 1994, Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaanza kazi mwaka 1996, kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ikaanza Julai 1998 kwa asilimia 20. Redio za Kichina za kaseti mbili zikajaa kila sherehe. Zilikuwa rahisi na zilikufa mapema, nami nilijenga nyumba kwa kufa kwake.

Kilichobadilisha hesabu ya bonde hili ni Januari 2005, ushuru wa pamoja wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulipoanza. Ngazi zilikuwa tatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Redio na televisheni nzima zikakaa kwenye 25. Kompyuta, ile iliyopigwa marufuku mwaka 1974, ikawekwa sifuri! Halafu kukawa na orodha ya bidhaa nyeti, na humo ndimo tulimo sisi: mchele asilimia 75, sukari asilimia 100. Miwa ya Ruembe na Msolwa, na mpunga kutoka Mang'ula hadi Mlimba, vyote vikapata ukuta. Wakenya, wenye mapenzi ya siku nyingi na mchele wa Pakistani, wakaruhusiwa kubaki na asilimia 35.

Hesabu ya redio inafundisha. Chukua redio iliyofika bandarini Dar es Salaam ikiwa na thamani ya shilingi 100,000, pamoja na nauli na bima. Ushuru asilimia 25, inakuwa 125,000. VAT ya asilimia 18, kiwango tulichonacho tangu 2009, haikatwi kwenye ile laki moja. Inakatwa kwenye 125,000, yaani 22,500. Tayari uko kwenye 147,500, na bado hujatoka getini. Mwaka 2015 ikaongezwa tozo ya kuendeleza reli, asilimia 1.5 ya thamani, kwa reli mpya ambayo haipiti kwetu. Sasa ongeza wakala, Kariakoo, lori, na zile kilomita 67 hivi za Kidatu hadi Ifakara ambazo kabla ya lami zilikuwa zinatingisha bodi mpaka lehemu inaachia. Kila mmoja anaweka faida yake juu ya bei ambayo ushuru umeshaivimbisha, kwa hiyo shilingi moja ya forodha haifiki Ifakara ikiwa shilingi moja.

Upande wa mpunga, ukuta ulifanya kazi, na nitasema kwa nini. Ardhi ilikuwepo, maji yalikuwepo, watu walijua kulima. Mbegu ya SARO 5, ambayo kituo cha utafiti cha KATRIN hapa Ifakara kiliisambaza, iliongeza mavuno kwa wale waliofuata masharti yake. Mkulima wa Lumemo akiona bei nzuri mwaka huu, mwakani anaongeza eka. Ushuru unampa mtu muda, na ukimkuta mwenye shamba, muda huo anaulima. Sisi wa redio tulipewa muda huohuo bila shamba la kulima.

Lakini ukuta una mlango, na mwenye ufunguo hakai Kilombero. Mwanzoni mwa 2013 Serikali iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru, ikihofia bei kwa walaji wa mijini. Bei ya mpunga ikaporomoka. Kampuni iliyokuwa ikilima Mngeta, kwenye shamba kubwa ambalo zamani lilikuwa la ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, ililalamika hadharani. Mkulima wa eka mbili hana wa kumlalamikia. Msimu ule rafu zangu zilijaa redio na simu zilizotengenezwa na hazikufuatwa. Ushuru wa redio haukuwa umepanda hata senti, lakini redio ilikuwa imepanda kwa magunia. Mtu akisema ushuru wa vifaa vya umeme haujabadilika, muulize umebadilika wa nini kingine.

Simu ni sura nyingine ya historia hiihii. Kitochi cha Nokia kiliwafikisha watu wengi kwenye mtandao wa simu, lakini kilichoshusha bei kabisa ni kampuni za chipu, MediaTek ya Taiwan na Spreadtrum ya Shanghai, zilizouza chipu pamoja na programu yake tayari kwa kutumika. Ghafla karakana yoyote ya Shenzhen ingeweza kutoa simu. Ukifungua kiswaswadu leo utakuta aisii moja iliyobeba redio, kamera, muziki na simu yenyewe. Nyingine zilikuja na namba za IMEI za kughushi, ndiyo maana Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, kibanda changu kilijaa watu wenye simu nzima zisizopiga.

Mwaka 2021 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi waingie kwenye intaneti. Nilisubiri bei ishuke Ifakara. Haikushuka. Mwaka uliofuata waziri huyohuyo aliuondoa msamaha, akieleza kwamba haukumfikia mlaji. Wengi walisema wafanyabiashara ni wezi, na sitawatetea wote. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa na tundu. Bidhaa ikisamehewa VAT, muuzaji hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye pango, usafiri na huduma nyingine. Anaibeba na kuirudisha kwenye bei. Kama ingetozwa kwa kiwango cha sifuri, angeidai. Tena simu nyingi za Kariakoo zilikuwa zinauzwa bila risiti tangu mwanzo, na kodi isiyolipwa haiwezi kusamehewa. Zaidi ya yote, hapa mjini wauzaji wa simu janja walikuwa wachache na wote wanajuana. Palipo na wauzaji wachache, punguzo la kodi linaishia mfukoni kwao.

Kisha dunia ikaishiwa chipu, kati ya 2020 na 2022. Hapo bei ilipanda Ifakara bila waziri yeyote kugusa chochote. Vijana wangu walishangaa: mbona kiwanda hakiongezi tu? Niliwaeleza kwamba bamba la silikoni linakaa kiwandani miezi mitatu hivi, likipita hatua zaidi ya elfu moja, na kwamba mashine za kuchora chipu za kisasa kabisa zinatoka kampuni moja tu, ASML, kwenye mji wa Veldhoven huko Uholanzi. Marekani imepandisha ushuru wa chipu za China hadi asilimia 50 tangu Januari 2025. Aprili mwaka uleule Rais Trump alipotangaza ushuru kwa karibu dunia nzima, Tanzania tukapewa asilimia 10, lakini siku chache baadaye simu, kompyuta na chipu zikaondolewa kwenye orodha. Hata mwenye nguvu kuliko wote alisita pale mpiga kura alipotaka kununua simu.

Vijana wananiuliza kama tukiweka ushuru mkubwa kwenye simu, kiwanda kitakuja. Kitakuja cha kukaza skrubu, nawajibu, kama kile cha mwaka 1966, nacho kitaajiri watu, lakini msimwambie mtu kwamba mmeanza kutengeneza chipu. Wao hawapendi jibu hilo. Mmoja amejifunza kubadilisha aisii ya chaji chini ya hadubini, kazi ambayo mjomba asingeiweza, na anadhani mimi ni mzee wa kukata tamaa.

Bajeti za nchi nyingi za Jumuiya husomwa Juni, na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Kwetu hicho ndicho kipindi mpunga unapopigwa na kuingia ghalani, na wanunuzi wa Dar es Salaam wanapofika na malori yao, sasa kwa lami na kwa daraja la Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018. Hotuba ya waziri inasikika kwenye redio za kibandani wakati wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri simu zao. Likitajwa neno mchele, kelele zinakoma. Vikitajwa vifaa vya elektroniki, wanaendelea kuzungumza, na mimi peke yangu ndiye ninayeongeza sauti.